Marlyse Zirnhelt, Aliyeijulia Kila Divai Nyeupe Chakula Chake

Marehemu Marlyse Zirnhelt, ambaye tumekuja kumlaza leo kando ya mumewe, alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Februari 1947 katika kijiji cha Hohrain, juu kabisa kwenye bonde la Munster. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Mathias Wehrey na mama Salomé. Theluji ilikuwa imefunga njia, mkunga akafika kwa miguu na kumkuta mtoto ameshatoka, amefungwa kwenye kitambaa cha kuchujia jibini. Baba yake alikuwa amerudi kutoka Urusi miezi kumi na sita tu kabla ya hapo, mmoja wa vijana wetu waliovalishwa kwa nguvu sare ya jeshi lililotuteka na kupelekwa vitani. Alirudi bila vidole viwili vya mguu na bila maneno mengi. Nyumbani kwao kulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, jibini, na ukimya.

Kabla sijaendelea, naomba radhi kwa padri, kwa mchungaji na kwenu nyote. Mimi ni Sabine, binti wa shemeji yake Fernand, na marehemu nilimwita Mama Mkubwa. Mwezi Septemba aliniita kitandani akaniambia kwamba wasifu huu nitausoma mimi. Nikamwuliza niseme nini. Akasema, "Usinipake asali, Sabine. Mtu akifa tu anageuzwa malaika. Sema ilivyokuwa." Nikamwuliza kama niseme na ya baba. "Hasa ya baba yako," akasema. Kwa hiyo mtakayoyasikia ameyaruhusu yeye, na baba yangu, aliyeketi hapa mbele, ameyaruhusu pia.

Alianza shule mwaka 1953 palepale Hohrain, darasa moja la watoto wa kila umri, na mwalimu aliyekataza lugha yetu ya nyumbani isisikike hata uwanjani. Marlyse aliadhibiwa mara nyingi, kwa sababu majina ya vitu alivyovipenda aliyajua kwa lugha hiyo tu. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa, lakini pua yake ilitajwa. Akiwa na miaka kumi, wazee walimfunga macho kwenye ghala la jibini la kijiji wakampitishia vipande kimoja kimoja, naye akataja nyumba ambayo kila kimoja kimetoka. Kwenye kipande cha mwisho alisema, "Hiki ni cha akina Matter. Ng'ombe wao wanalala karibu na choo." Mama Matter hakumsalimia mpaka Pasaka. Alipata cheti cha shule ya msingi mwaka 1961, kisha akasoma miaka miwili katika shule ya hoteli.

Mwaka 1964 aliajiriwa katika hoteli moja mjini Colmar. Siku hizo mwanamke hakuruhusiwa kumimina divai mezani. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume waliovaa koti jeusi. Yeye aliwekwa kwenye beseni la kuoshea glasi, na hapo ndipo alipojifunzia. Glasi na sahani zilirudi pamoja kutoka ukumbini. Aliona kwamba divai ya Gewürztraminer ile ile iliyorudi imenywewa mpaka tone la mwisho ikiwa kando ya maini ya bata bukini, ilirudi nusu glasi kama mteja alikula samaki. Aliona Riesling inaisha haraka ikikutana na kabichi iliyochachushwa na nyama ya moshi, na Muscat inaisha tu katika majira ya mboga ya asparaga. Alinusa kila glasi kabla ya kuiosha, akatazama kila sahani kabla ya kuifuta. Baada ya miaka mitatu, mkuu wa ukumbi, Bwana Ketterlin, alimkuta akinong'ona peke yake kwenye beseni, akamwuliza anasali au vipi. Alijibu kwamba anamlaumu mteja wa meza ya sita kwa kuua divai nzuri kwa siki. Bwana Ketterlin alicheka, lakini kuanzia wiki hiyo alianza kuja jikoni kumwuliza kabla ya kumshauri mteja mgumu.

Mumewe, René Zirnhelt wa hapa Bergwiller, alimkuta kwenye beseni hilo hilo mwaka 1968. René alikuwa analeta masanduku ya divai ya baba yake. Marlyse alimwambia kwamba Gewürztraminer yao ni nzuri, ila pale hotelini inauawa mezani. René, ambaye hakuzoea kuambiwa neno na mwosha glasi, alimwuliza kwa kebehi yeye angeipa chakula gani. Marlyse alikwenda kwenye mfuko wake, akatoa jibini ya kwao iliyoiva mpaka inanuka ukumbi mzima, akainyunyizia mbegu za kisibiti, akamkatia. René alisimulia maisha yake yote kwamba alikuwa amekunywa divai ya babake tangu utotoni, na siku hiyo ndiyo aliyoionja. Wiki iliyofuata alirudi Colmar bila sanduku hata moja.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 23 Mei 1970. Haikuwa rahisi. Huku ni Wakatoliki na kule juu bondeni ni Walutheri, na babu yangu mzaa baba alisema waziwazi kwamba hakulima mizabibu miaka arobaini ili aje alishwe jibini na Mprotestanti. Mzee Mathias naye alikaa arusini bila kusema. Marlyse alipanga chakula cha arusi yake mwenyewe, na kila sahani akaiwekea divai yake, moja moja. Ilipofika asparaga na Muscat, babu yangu alimaliza glasi akaomba nyingine, na mzee Mathias akasema maneno mawili, "Ndivyo hivyo." Watu wa bonde walisema hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote tangu vita.

Hakujaliwa mtoto. Mimba mbili ziliharibika, mwaka 1972 na 1975, na hilo alitaka lisemwe kwa sababu, kwa maneno yake, wale wawili nao walikuwa watu.

Mwaka 1973 yeye na René walifungua winstub, mgahawa mdogo wa divai katika chumba cha mbele cha nyumba yao kikiwa na meza nane, yeye akipika na René akileta chupa kutoka ghala la chini. Wengi wenu mmekula pale, na wengi wenu mmekatazwa kitu pale. Kuna bwana kutoka Paris aliyeagiza kabichi na nyama ya moshi, akataka divai nyekundu. Marlyse alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Ninayo nyekundu, bwana," alimwambia, "ila si kwa kabichi hiyo."

"Mama, mimi ndiye mteja."

"Sawa, na kabichi ni yangu."

Alimwekea Riesling, akamwambia akichukia asilipe. Bwana yule alilipa, na akarudi kila vuli miaka kumi na moja mfululizo.

Nafika sasa mahali pagumu.

Jumanne tarehe 9 Oktoba 1984, mavuno yakiwa katikati, René alishuka ghalani asubuhi kwenda kukoroga zabibu. Kila mwenye pipa hapa anajua kwamba zabibu zikichachuka hutoa hewa nzito isiyoonekana, inayojaa chini kama maji. Ndiyo maana tunashuka na mshumaa, na ukizimika, mtu anageuka. Mshumaa wa ghala lile ulikaa kwenye msumari kando ya mlango. Asubuhi hiyo msumari ulikuwa mtupu, na René, aliyekuwa na haraka, akashuka hivyo hivyo.

Baba yangu, mdogo wake, ndiye aliyemwona kutoka mlangoni, amelala chini ya ngazi uso ukiangalia ukuta. Alipiga kelele watu waite wazima moto. Marlyse alitoka jikoni mbio akataka kushuka. Baba alimkamata mikono yote miwili akamzuia. Alijua kwamba atakayeshuka hatapanda. Alimshikilia mpaka wazima moto wakafika na vifaa vyao vya kupumulia, dakika ishirini na tano. Marlyse alimng'ata mkono mpaka mfupani, na baba hakuachia. René alitolewa akiwa amekwisha. Alikuwa na miaka arobaini na mbili.

Pale uani, mbele ya watu, Marlyse alimwambia baba yangu, "Umesimama ukamtazama kaka yako akifa." Baba aliingia ndani kuchukua shuka la kumfunika kaka yake. Hayo yakawa maneno ya mwisho ya Marlyse kwake kwa miaka ishirini na sita.

Nyumba zetu zinatazamana, ua ni mmoja. Baba aliendelea kutengeneza divai, naye aliendelea kuiuza na kuipikia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na njia nyingine ya kuishi. Marlyse akihitaji kitu alikiandika kwenye karatasi akaibandika kwenye mlango wa ghala: Riesling masanduku matatu, Muscat moja. Baba aliandika jibu chini yake. Zamani Marlyse alimwita baba shemeji. Tangu siku hiyo alimwita "yule". Kila masika baba alimwekea chupa ya kwanza ya mwaka kwenye kizingiti cha jikoni, akabisha, akaondoka. Marlyse aliionja. Hakusema ni nzuri, hakusema ni mbaya, ila wiki hiyo winstub ingekuwa na sahani mpya iliyokaa na divai ile kama vile zimezaliwa pamoja. Mama yangu, kabla hajafariki, aliwahi kwenda kumsihi amsamehe baba. Alirudi baada ya muda mfupi, akasema amepewa supu nzuri sana na hakuna lolote lingine alilopewa.

Jumapili tarehe 27 Machi 2011 nilikuwa nikimsaidia kuhudumia wateja, kama nilivyofanya kila Jumapili. Watu wa Basel waliagiza jibini ya Munster na Gewürztraminer. Mmoja akairudisha glasi, akisema kwa adabu kwamba divai imeharibika. Niliipokea, na kabla haijanifikia puani nilijua: kizibo kilikuwa kibovu, divai inanuka boksi lililolowa. Nikampelekea Mama Mkubwa. Aliingiza pua kwenye glasi, akafumba macho kama kawaida yake. Akasema, "Waridi, na tangawizi kidogo. Haina kosa. Mrudishie."

Sikumrudishia. Nilimfungulia chupa nyingine kimya kimya, na jioni ile nikamweleza baba. Alivua mabuti ya shamba, akavuka ua kwa soksi tu. Nilimfuata. Aliingia jikoni kwa mlango ambao hakuwa ameupita tangu mwaka 1984. Marlyse alikuwa anakausha glasi.

"Tangu lini?" baba alimwuliza.

Alimaliza kukausha glasi aliyoishika. "Tangu Krismasi."

"Hunusi kitu?"

"Hata kitunguu kikiungua."

Baba alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. "Basi nitanusa mimi. Wewe utaniambia chakula."

"Sikukuita."

"Najua."

Kesho yake saa nne asubuhi alirudi na chupa mbili. Siku ya kwanza nilidhani watapigana. Baba ni mtu wa shamba. Kwake divai ilikuwa nzuri au haikuwa nzuri.

"Nzuri," alisema.

"Nzuri si harufu, Fernand. Inanuka nini?"

Akanusa tena. "Inanuka chumba cha mama."

"Chumba cha mama yako kilinuka mafuta ya taa."

"Kabla ya mafuta ya taa. Zamani, alipokuwa anaweka matofaa juu ya kabati."

Marlyse aliweka kitambaa chini. "Matofaa makavu au mabichi?"

"Yaliyoanza kukunjamana."

"Hiyo ni ya nyama ya nguruwe na viazi," akasema. "Andika, Sabine."

Ikawa hivyo kila asubuhi, saa nne. Marlyse hakunusa tena maishani, lakini wateja hawakujua. Alizikumbuka harufu zote kichwani: akipewa neno sahihi alijua sahani. Wala hakumhurumia mwanafunzi wake mpya. Kuna siku baba alisema Pinot Gris fulani inanuka moshi, akamwambia, "Moshi wa nini? Hata nyumba ikiungua inanuka moshi." Kisha pole pole, bila mtu kusema, "yule" akawa shemeji.

Miezi michache baadaye daktari mmoja wa Colmar alituambia kwamba pua ilikuwa dalili ya kwanza tu. Ugonjwa ulikuwa Parkinson, ule unaoanza kwa siri na kuishia kwenye mikono, miguu na koo. Mwaka 2013 mikono ilianza kutetemeka kiasi kwamba hakuweza kubeba sinia.

Mwezi Oktoba mwaka huo, asubuhi moja, baba alikuwa ameshafungua chupa. Mimi nilikuwa nikichemsha viazi. Marlyse hakumwuliza inanuka nini. Alisema, "Shemeji, ule mshumaa wa kwenye msumari niliutoa mimi. Jumatatu jioni. Meza ya nne haikuwa na mshumaa, nikasema nitaurudisha."

Baba alikuwa anaangalia glasi. "Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilipoingia kuchukua shuka la kumfunika niliuona kwenye meza ya nne. Niliurudisha kwenye msumari kabla mtu hajagundua."

Marlyse alishika ukingo wa meza, vijiko vikilia juu yake. Alimwuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo, alipokuwa akimpita uani kama anayempita mbwa.

"Ungejichukia," baba akasema. "Afadhali ulinichukia mimi."

Hakulia, Mama Mkubwa hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Alimwomba mkono. Aliugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitafuta ile alama ya meno, akaiona, akaishikilia kwa muda mrefu. Viazi vyangu viliiva vikapasuka na hakuna aliyeinuka kuvitoa. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba divai ikae tena kwenye baridi, leo hawezi kuipangia kitu.

Winstub ilifungwa Jumapili tarehe 18 Desemba 2016. Siku hiyo ya mwisho alikaa kwenye kiti karibu na jiko, akawa anaita sahani na divai kwa sauti, na mimi nabeba. Miaka iliyofuata ugonjwa ulimchukua kipande kwa kipande. Mwaka 2021 hakutembea tena. Mwaka 2023 koo lilikataa vyakula vigumu, kisha hata maji yakalazimika kufanywa mazito kwa unga ili asipaliwe. Mwanamke aliyejua chakula cha kila divai alilishwa uji wa namna moja asubuhi, mchana na jioni. Aliuchukia uji ule na alisema hivyo mpaka sauti ilipokwisha. Sitasema alivumilia kwa furaha. Aliogopa, na usiku aliita watu waliokufa.

Baba hakukosa saa nne yake. Alileta chupa, akafungua kitandani, akanusa na kumwambia. Marlyse alijibu kwa maneno, baadaye kwa kichwa, na mwisho kwa macho tu. Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024 alifungua Muscat. Nilikuwa mlangoni. Nilimsikia akisema, "Inanuka zabibu yenyewe, na majani yaliyokatwa asubuhi. Ya asparaga, sivyo?" Akasubiri. "Au samaki?" Akasubiri tena. Alichovya kitambaa akamlowesha midomo. Saa nne na dakika arobaini pumzi iliacha kurudi. Baba aliendelea kukaa na kitambaa mkononi mpaka nilipokichukua.

Marehemu ameishi miaka sabini na saba, miezi tisa na siku kumi na moja. Ametanguliwa na wazazi wake, na mumewe René, na wale watoto wawili ambao hawakupata majina. Ameacha kaka mmoja, Théo Wehrey, ambaye bado anafuga ng'ombe Hohrain. Shemeji mmoja, Fernand Zirnhelt. Mimi Sabine, na wanangu Lucie na Bastien ambao aliwafundisha kunusa kabla ya kusoma.

Tukitoka makaburini mnaombwa nyote mpite winstub. Tumeifungua kwa leo tu. Chakula alikipanga mwenyewe mwezi Septemba, akinong'ona nami nikiandika. Kuna samaki wa mtoni aliyepoa, na Riesling. Kuna chungu cha nyama tatu, na Pinot Gris. Mwisho kuna jibini ya Munster na kisibiti. Nilipomwuliza Gewürztraminer ya mwaka gani iende nayo, alifumba macho akasema, "Hiyo achague shemeji, siku yenyewe."

Asubuhi hii nilimkuta baba kwenye meza ya jikoni na chupa tatu zimefunguliwa na glasi tatu zimejaa. Nilimwuliza amechagua ipi. Akasema, "Siwezi, mwanangu. Nimelia mpaka pua imeziba. Sinusi kitu."

Kwa hiyo zote tatu ziko mezani. Mtakaofika, tafadhali mnuse, mmwambie baba.

Marlyse na apumzike sasa ubavuni mwa René, na udongo wa mlima huu umpokee kwa upole.